MNYAMA ALETWE MAPEMA
Maelezo kuhusu upasuaji, malazi na tiba za ziada katika vituo vya tiba ya wanyama

Kwa wananchi wote wa Unguja na Pemba, wafugaji na wasiofuga, pamoja na watumishi wa Serikali wa ngazi zote.

Maelezo haya yanatolewa ili kufafanua huduma tatu zinazoulizwa mara kwa mara na watu wanaofika katika vituo vya tiba ya wanyama. Huduma hizo ni upasuaji, malazi ya wanyama kituoni, na tiba za ziada zinazokwenda sambamba na dawa za kawaida. Inatarajiwa kwamba atakayeyasoma mpaka mwisho ataweza kujua wakati unaofaa kumpeleka mnyama wake kituoni, mambo ya kuuliza anapofika huko, na wajibu unaombakia yeye mwenyewe baada ya daktari kumaliza kazi yake.

Haja ya maelezo haya imetokana na mazoea yaliyoenea mjini na mashamba. Ng'ombe akianza kuchechemea, kwanza hupakwa mafuta machafu ya gari. Asipopata nafuu huitwa mtu wa kumchoma moto. Baada ya hapo hutafutwa vidonge vilivyobaki nyumbani, na mwisho kabisa, mnyama akiwa amelala chini hawezi kusimama, ndipo daktari anapopigiwa simu. Daktari huyo akishindwa kumwokoa, husemwa kwamba dawa za kituoni hazina faida. Ukweli ni kwamba mnyama aliyeletwa siku ya kwanza na yule aliyeletwa siku ya saba hawana tena ugonjwa mmoja, ijapokuwa jina la ugonjwa ni lile lile. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Hasara ya uchelewaji huo haimfiki mnyama peke yake. Katika nyumba nyingi za visiwani ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye anayelipia madaftari na sare za skuli, na maksai wa gari au punda wa kubebea mchanga na kuni ndiye anayeleta posho ya kila siku. Mnyama huyo akifa, nyumba nzima hupungukiwa.

UPASUAJI

Upasuaji wa kufungua tumbo au kukata kiungo ni kazi ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa. Mabwana mifugo na mabibi mifugo waliomo katika shehia wana kazi kubwa ya chanjo, ushauri na huduma ya kwanza, nao ndio wa mwanzo kuarifiwa. Lakini mtu yeyote asiyekuwa na mafunzo asikubaliwe kushika kisu, hata akiwa ni jirani mwenye sifa nzuri.

Kuhasi. Upasuaji unaofanywa kwa wingi ni kuhasi. Fahali anayetarajiwa kuwa maksai wa gari huhasiwa ili awe mtulivu na asizae ovyo. Njia iliyozoeleka ni ile ya koleo ya Burdizzo, ambayo huponda mishipa ya kokwa, upande mmoja baada ya mwingine, bila ya kuichana ngozi. Kwa kuwa ngozi haikufunguka, inzi hawapati pa kutagia na vijidudu havipati mlango. Hata hivyo maumivu yapo, na kwa sababu hiyo ganzi hutakiwa. Kazi hii huwa nyepesi zaidi, kwa mnyama na kwa watu, ndama akiwa angali mdogo. Kuhasi kwa kufunga waya au kugonga kwa jiwe ni mateso na kuna hatari ya kuoza kwa sehemu hiyo.

Kwa paka na mbwa, dume huondolewa kokwa na jike huondolewa mayai pamoja na kizazi. Wapo wanaolichukulia jambo hili kuwa ni anasa. Inafaa wafahamu kwamba paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi sita tu au chini ya hapo, na mimba yake huchukua takriban siku 63. Paka mmoja, kwa hivyo, huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na watoto wake nao huzaa kabla ya mwaka kutimia. Matokeo yake yanaonekana katika vichochoro vya Mji Mkongwe na kando ya masoko, ambako vitoto vya paka hutupwa ndani ya magunia. Kumfanyia paka jike upasuaji mmoja kuna huruma zaidi kuliko kutupa watoto wake kila baada ya miezi michache. Aidha, jike aliyeondolewa kizazi huepukana na ugonjwa wa usaha ndani ya kizazi, ugonjwa ambao huua.

Plastiki na misumari tumboni. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na ng'ombe hameza kwanza kisha hucheua baadaye. Kwa tabia hiyo hachagui vizuri anachokimeza. Ng'ombe anayeachiwa kuzurura kwenye jaa hula mifuko pamoja na maganda ya ndizi yaliyomo ndani yake. Mifuko hiyo haisagiki wala haitoki. Hujikunja katika chumba kikubwa cha tumbo ikawa fundo gumu lililochanganyika na kamba na nywele. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafanya hivyo mwaka 2019, lakini plastiki za vifungashio vya aina nyingine bado zimo majaani, na zile za zamani zilizofukiwa hufukuliwa na mvua.

Dalili zake huja polepole. Ng'ombe hula kidogo, hupungua maziwa, hukonda huku tumbo la upande wa kushoto likiwa limejaa, na tumbo hilo hujaa gesi mara kwa mara. Akiwa amemeza msumari au kipande cha waya, hali huwa ya hatari zaidi, kwani chuma hicho hutua katika chumba kilicho karibu na kifua na kinaweza kutoboa mpaka kwenye moyo. Ng'ombe wa namna hiyo husimama amekunja mgongo, hutanua viwiko vyake vya mbele, na huguna anapoteremka mteremko. Akiwahiwa, daktari anaweza kumnywesha sumaku maalumu inayobaki ndani ya tumbo na kukishika chuma kisiendelee kutoboa.

Plastiki zikiwa nyingi hapana dawa ya kunywa itakayoziyeyusha. Dawa yake ni kisu. Upasuaji huu mara nyingi hufanywa ng'ombe akiwa amesimama na yuko macho, kwa ganzi inayodungwa ubavuni kushoto. Nywele hunyolewa, ngozi husafishwa, kisha ubavu na tumbo hufunguliwa. Daktari huingiza mkono na kutoa uchafu wote, halafu hushona tabaka baada ya tabaka. Ng'ombe aliyeletwa akiwa bado ana nyama mwilini hurejea kucheua baada ya muda mfupi. Aliyeletwa akiwa mifupa mitupu hana nguvu ya kuunganisha kidonda, hata mikono ya daktari ikiwa mahodari namna gani.

Uzazi mgumu. Ng'ombe akikwisha kutoa chupa ya maji, na zikapita saa mbili bila ya ndama kusogea, daktari aitwe papo hapo. Ndama asivutwe kwa kamba na watu wanne au watano, wala asifungwe kwenye gari. Kuvuta kwa nguvu huvunja miguu ya ndama, hupasua kizazi na huweza kumlemaza mama asisimame tena. Daktari akiona ndama hawezi kupita njia ya kawaida atampasua mama ubavuni, na akiwahi ataokoa roho mbili.

Majeraha. Jeraha la panga, la kugongwa na gari au la kuumwa na mbwa hushonwa vizuri zaidi likiwa bichi, ndani ya saa sita hadi nane. Likichelewa, mara nyingi huachwa wazi lijaze nyama lenyewe, na hiyo ni safari ya majuma mengi. Wakati wa kumsubiri daktari, damu izuiliwe kwa kukandamiza kitambaa safi, na uchafu uoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Majivu, tumbaku, mafuta ya taa na mafuta ya gari yasitiwe kabisa, kwani huunguza nyama hai na kumpa daktari kazi ya kuondoa sumu kabla ya kutibu jeraha. Kwa punda, jeraha la kwato, hata likiwa dogo kama tundu la msumari, lisipuuzwe. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa upesi na maradhi hayo. Wakati wa kutibiwa jeraha, mwenye punda aulize kuhusu sindano ya kinga.

Nusukaputi na maandalizi yake. Wengi huogopa nusukaputi kuliko kisu chenyewe. Khofu hiyo ina sababu, kwa kuwa hakuna dawa ya usingizi isiyokuwa na hatari. Lakini hatari hupungua sana mwenye mnyama akifuata maagizo. Mbwa na paka wakubwa kwa kawaida huzuiliwa chakula kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla ya upasuaji, ili wasitapike wakiwa wamelala na matapishi yakaingia mapafuni. Vitoto vidogo havifungishwi muda mrefu kiasi hicho. Ng'ombe anayetakiwa kulazwa chini huzuiliwa majani kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa tumbo lililojaa hukandamiza mapafu na huzalisha gesi. Sungura yeye hatapiki, na kukaa na njaa humdhuru. Asinyimwe chakula ila kwa amri ya daktari. Kila mmoja afuate alichoambiwa kwa mnyama wake, wala asimwonee huruma kwa kumpa kipande cha samaki alfajiri ya upasuaji. Ikiwa mnyama amekula, mwenyewe aseme. Kuahirisha ni bora kuliko kuficha.

Vipimo vya dawa za usingizi hutofautiana mno baina ya mnyama na mnyama. Dawa ya zailazini, kwa mfano, humlaza ng'ombe kwa kiasi cha takriban sehemu moja ya kumi ya kile anachopewa farasi. Mtu aliyemwona daktari akimdunga farasi, kisha akamnunulia ng'ombe wake kiasi kile kile, anaweza kumuua ng'ombe huyo kwa sindano moja.

Baada ya upasuaji. Kazi ya daktari ikimalizika, kazi ya mwenye mnyama huanza. Mnyama alazwe mahali pakavu, penye kivuli, pasipokuwa na inzi wengi. Jeraha liangaliwe asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo wa siku za mwanzo si wa kutisha; bali harufu mbaya, usaha, nyuzi kukatika, homa, au mnyama kukataa chakula kwa siku nzima ni dalili za kurejea kituoni bila ya kungoja siku ya miadi. Nyuzi za ngozi kwa kawaida hutolewa baina ya siku ya 10 na ya 14. Paka na mbwa wavalishwe kile kizuizi cha shingoni chenye umbo la faneli ili wasilambe, kwani ulimi huleta uchafu na meno hukata nyuzi.

Jambo jingine linalowahusu hata wasiokuwa na mifugo ni maziwa na nyama. Ng'ombe au mbuzi aliyepewa dawa za kuua vijidudu, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa, na asichinjwe kwa ajili ya kuliwa, mpaka muda alioutaja daktari upite. Muda huo huhesabiwa kwa siku, nao hutofautiana kwa kila dawa. Kwa hivyo uandikwe kwenye karatasi. Kumuuzia jirani maziwa yenye dawa ni kumlisha mtoto wake kitu ambacho hakuandikiwa.

MALAZI YA WANYAMA KITUONI

Malazi ni ya aina mbili, na inafaa yatofautishwe. Aina ya kwanza ni kulazwa kwa mgonjwa, ambako mnyama hubaki chini ya uangalizi kwa sababu ya upasuaji au maradhi. Aina ya pili ni kumhifadhi mnyama mzima wakati mwenyewe yuko safarini. Si kila kituo kina nafasi ya aina zote mbili, kwa hivyo mwananchi aulize kabla ya kumbeba mnyama wake.

Kulazwa kwa mgonjwa kuna faida ambayo nyumba nyingi haziwezi kuitoa. Tuchukue mfano wa ng'ombe aliyeshindwa kusimama baada ya kuzaa. Uzito wake mwenyewe huukandamiza mguu alioulalia, nyama za mguu huo hukosa damu, na baada ya saa kadhaa huanza kufa. Ng'ombe huyo anatakiwa ageuzwe upande wa pili kila baada ya saa nne hadi sita, mchana na usiku, juu ya matandiko manene ya majani makavu au mchanga. Asiyekuwa na watu wa kumgeuza usiku wa manane atamkuta ng'ombe wake asubuhi amekuwa kilema, ijapokuwa maradhi ya mwanzo yalikwisha kutibika. Ikiwa ng'ombe hawezi kusafirishwa, daktari huwaelekeza wenyewe namna ya kumgeuza, na hapo zamu za usiku zipangwe baina ya watu wa nyumba na majirani.

Punda ana tabia yake ya peke yake. Huvumilia maumivu bila ya kuonyesha, hata watu wakadhani ni mzima. Tena hufungamana sana na mwenzake aliyezoea kukaa naye. Punda akitenganishwa na mwenzake huweza kuhuzunika na kuacha kula, na punda asiyekula huingiwa na mafuta mengi katika damu, hali inayoweza kumuua. Kwa sababu hiyo, punda mmoja anapolazwa, ni vyema mwenzake aletwe pamoja naye na afungwe karibu. Watu wengine hucheka wanapoambiwa hivyo, lakini sababu yake ni ya kitabibu. Paka naye asiyekula kwa siku mbili au tatu anaweza kuharibika ini, hasa akiwa mnene. Ndiyo maana kituo huuliza kwa makini chakula alichozoea nyumbani.

Ama malazi ya mnyama mzima, huwafaa wanaokwenda Hija au Umra, wanaopeleka mgonjwa kutibiwa Dar es Salaam au nje ya nchi, na watumishi wa Serikali wanaokwenda masomoni au kuhamishiwa kituo kingine cha kazi. Imeonekana kwamba paka na mbwa wengi wanaorandaranda mitaani waliwahi kuwa na wenyewe, kisha nyumba ikafungwa nao wakaachwa nje. Katika mafunzo tuliyoyapata tangu chuoni, imo habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Funzo lake liko wazi: aliyemfungia mnyama amechukua dhamana yake, na safari haiiondoi dhamana hiyo.

Anayemleta mnyama kwa malazi aje na vitu vitano: kadi ya chanjo, chakula alichozoea au maelezo yake, maelezo ya maradhi na dawa anazotumia, kitambaa au tandiko lenye harufu ya nyumbani, na jina pamoja na simu ya mtu aliye karibu, mwenye idhini ya kukubali matibabu endapo mnyama ataumwa. Mtu huyo aambiwe wazi wajibu wake. Daktari anayehitaji kupasua saa nane za usiku hawezi kungoja mwenye mnyama ashuke kwenye ndege.

Kadi ya chanjo haitakiwi kwa ajili ya urasimu. Wanyama wengi wanaolala chini ya paa moja huambukizana kwa upesi, na kichaa cha mbwa ndicho kinachoogopwa kuliko vyote, kwa kuwa dalili zake zikishadhihiri kwa mtu, takriban haponi. Kisiwani Pemba maradhi haya yalizimwa kwa chanjo mwaka 2014, yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, kisha yakatokomezwa tena mwaka 2018 kwa kampeni za kuchanja mbwa. Historia hiyo fupi inatufundisha kwamba bahari haitukingi ikiwa mbwa wasiochanjwa wanapakiwa katika vyombo. Hivyo basi, anayehamisha mbwa au paka baina ya visiwa, au kumtoa Tanzania Bara, kwanza aende ofisi ya mifugo apate maelekezo na kibali. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, wala asingoje kuona mbwa atakuwaje.

TIBA ZA ZIADA

Kwa jina hili zinakusudiwa tiba zisizokuwa kisu wala sindano ya dawa: kukanda, kunyoosha viungo, matumizi ya maji baridi na moto, tiba ya visindano ya Kichina, asali na mitishamba. Baadhi ya wananchi huziona tiba hizi kuwa ni mbadala wa kituo, na baadhi ya wataalamu nao huzidharau zote pamoja. Njia ya katikati ndiyo iliyo sawa. Tiba ya ziada huja baada ya ugonjwa kujulikana, na hufuatana na dawa nyingine. Haishiki nafasi ya uchunguzi.

Zilizo na manufaa. Mnyama aliyeteguka au kuvimba mguu hufaidika kwa maji baridi siku za mwanzo. Sisi watu wa visiwani tuna bahari, na punda au ng'ombe akisimamishwa katika maji yanayofika magotini kwa dakika kumi hadi ishirini, maumivu na uvimbe hupungua. Lakini mwenye jeraha bichi lililoshonwa asipelekwe baharini mpaka nyuzi zitoke. Uvimbe wa mwanzo ukishatulia, maji ya uvuguvugu, kukanda kwa upole na kutembezwa kidogo kidogo huzuia viungo kukakamaa. Asali safi isiyochanganywa na sukari, ikipakwa juu ya kidonda kilichosafishwa kisha kikafungwa kwa kitambaa safi, huzuia vijidudu na husaidia nyama mpya kuota. Madaktari wa watu na wa wanyama wanaitumia mpaka leo.

Visindano vya Kichina si vigeni kwetu, kwani madaktari kutoka China wamekuwa wakitoa huduma Zanzibar tangu mwaka 1964, na wengi wamesikia habari zake. Kwa wanyama hutumika zaidi kupunguza maumivu ya viungo na ya mgongo. Ushahidi wa manufaa yake haujalingana na ule wa dawa za kawaida, na haviponyi mfupa uliovunjika wala maambukizo. Anayetaka mnyama wake afanyiwe tiba hiyo ahakikishe kwamba mwenye kuifanya ni daktari wa wanyama aliyejifunza kazi hiyo.

Zilizo na madhara. Mitishamba ni dawa, na kila dawa ina kipimo na ina asiyefaa kuipewa. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi tunayajua kwa kutuliza jino, ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuyavunja kama linavyofanya ini la mtu. Kitunguu maji na kitunguu thomu, mara nyingi hupewa mbwa kwa nia ya kutoa minyoo, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Nao vidonge vya parasetamoli, ambavyo havikosekani katika nyumba yoyote, visipewe paka hata nusu yake. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Dawa za kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa zenye pamethrini, nazo zisipakwe paka.

Kuchoma moto. Hapana budi kulisema jambo hili wazi. Wapo wanaoamini kwamba mguu unaochechemea huponywa kwa chuma cha moto, na hushikilia usemi wa kwamba dawa ya moto ni moto. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu farasi walioumia kano za miguu, na wakaonyesha kwamba kuchoma hakukuponyesha kano zilizoumia. Kinachoonekana kama nafuu ni mapumziko: mnyama aliyechomwa hawezi kufanya kazi, kwa hivyo hupumzishwa kwa majuma, na mapumziko hayo ndiyo yanayomponya. Angepumzishwa bila ya kuchomwa angepona pia, na asingepata vidonda vya kuingiza pepopunda. Vivyo hivyo kwa vidonda vya nira na vya matandiko: dawa ya kwanza ni kumwondoa mnyama kazini mpaka ngozi ifunge, na kurekebisha nira iliyomkwaruza. Hakuna marhamu itakayoshinda nira mbaya.

MAMBO YA KUULIZA NA WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwananchi anayefika kituoni ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Aulize jina la ugonjwa. Aulize ikiwa ipo njia nyingine isiyokuwa upasuaji. Aulize gharama zote, zikiwamo za dawa na malazi, kabla ya kazi kuanza. Aulize siku ya kurejea. Na aulize iwapo mnyama ataweza tena kufanya kazi au kutoa maziwa. Swali la mwisho ni zito, lakini lisiogopwe. Zipo nyakati ambazo daktari mwaminifu atashauri mnyama asiendelee kuteswa, na ushauri huo nao ni sehemu ya tiba.

Naye mwananchi atoe maelezo ya kweli. Ikiwa amekwisha kumpaka mafuta, kumchoma au kumpa vidonge, aseme, kwani daktari asiyejua kilichotangulia anaweza kuongeza sumu juu ya sumu. Hakuna atakayeaibishwa kwa kusema kweli.

Masheha wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya shehia, hasa sehemu zinazohusu uzazi mgumu, kichaa cha mbwa na kuchoma moto. Wakuu wa taasisi za Serikali nao wanaombwa wawakumbushe watumishi wanaohamishwa vituo vya kazi juu ya wanyama wanaowaacha nyuma. Walimu wa skuli na wa vyuo wanaweza kuwaeleza watoto, kwa kuwa mara nyingi mtoto anayechunga ndiye wa kwanza kumwona ng'ombe aliyeacha kucheua.

Kwa ufupi, ng'ombe aliyeacha kucheua, punda aliyesimama kando ya wenzake na paka aliyekataa chakula, wote hao wanasema kwa lugha yao kwamba wanaumwa. Atakayewasikia siku ya kwanza atakuwa na njia nyingi za kuwasaidia. Atakayengoja mpaka siku ya saba huenda akabakiwa na moja tu, nayo ni ile ya kuwazika.